Anayebaki Ufukweni

Mwanzoni mwa mwaka 1889 msafara uliotoka pwani uliingia Karema, kijiji kilichoko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Ujiji. Pamoja na mapadri na wapagazi alikuwamo kijana Mwafrika wa miaka kama 23, mwenye cheo kigeni kabisa kwa watu wa mwambao ule: daktari katekista. Aliitwa Adrian Atiman. Hakuwa Mbende, Mfipa wala Mha. Alizaliwa mbali sana, kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo tunaiita Mali. Angali mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa, mpaka Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walipomkomboa huko Algeria. Wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta akajifunze tiba.

Alifika Karema akiwa na kazi ya kukaa, na kweli alikaa. Miaka 67. Alifia hapohapo mwaka 1956, baada ya kuona Wajerumani wakija na kuondoka, Wabelgiji wakipita na vita vyao, na Waingereza wakikaribia kufunga virago.

Naanza na Atiman kwa sababu historia ya tiba katika mwambao huu imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya wasafiri na meli: Livingstone na sanduku lake, Mjerumani na hadubini yake, meli ya Liemba na shehena yake. Mtu wa kijiji cha ufukweni kama Kalya au Kagunga akiitazama historia hiyohiyo ana swali lake mwenyewe. Meli ikishang'oa nanga, nani amebaki kijijini, na huyo aliyebaki anakula nini?

Jiografia ya hapa hailiachi swali hilo lipoe. Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, na upande wa Tanzania milima mingi inashuka moja kwa moja hadi majini. Katikati ya mlima na maji panabaki kipande chembamba cha ardhi, na hapo ndipo watu wamejenga. Kwa vijiji vingi barabara ilikuwa ni ziwa lenyewe, na baadhi mpaka leo ni hivyo. Anayeumwa hupakiwa kwenye mtumbwi au boti pamoja na magunia ya dagaa, na safari hutegemea upepo. Kusi likivuma, kati ya Mei na Septemba, hata nahodha mzoefu husubiri.

Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa mwisho wa barabara na mwanzo wa maji. Misafara kutoka Bagamoyo iliishia hapo, mizigo ikavushwa kwenda Manyema, magharibi mwa ziwa, na kutoka Manyema zikarudi pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Mji wa namna hiyo ulipokea kila ugonjwa uliotembea kwa miguu. Mwaka 1858 Richard Burton alifika amebebwa, miguu haimtii, na mwenzake John Speke macho yakiwa yamevimba kiasi kwamba hakuweza kuliona vizuri ziwa alilolifuata kwa miezi. Machi 1869 aliingia David Livingstone, mapafu yakimwuma, amelala ndani ya mtumbwi. Alikuwa daktari aliyefuzu Glasgow. Lakini dawa zake zilikuwa zimebaki Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na bidhaa alizotumiwa Ujiji zilikuwa zimeporwa. Hapo alikuwapo daktari mwenye elimu yake yote, hana cha kumpa mgonjwa, hata akiwa mgonjwa mwenyewe ni yeye.

Muda si mrefu baadaye kipindupindu kikapanda kutoka pwani. Mlipuko wa 1869 na 1870 uliua watu wengi Unguja, kisha ukafuata njia za misafara kwenda bara, ukavuka ziwa mpaka Manyema. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, baadaye aliandika kitabu kizima akionyesha jinsi ugonjwa ule ulivyosafiri na biashara, kituo kwa kituo. Dawa ilichelewa Unyanyembe, na ugonjwa haukuchelewa popote.

Wenyeji hawakuwa mikono mitupu. Kila kijiji kilikuwa na wanawake waliojua kuzalisha, na waganga waliojua mti gani wa kidonda, upi wa tumbo, upi wa kuteguka. Hawakuweza kutibu ndui wala kipindupindu, na daktari yeyote duniani wakati ule hakuwa na tiba ya kutegemewa ya magonjwa hayo. Walikuwa na jambo moja ambalo wageni wote walilikosa: walikuwa wanapatikana. Mwaka 1878 Chama cha Wamisionari cha London kilifungua kituo Ujiji, na kiongozi wake, J. B. Thomson, akafa mwezi uleule wa kwanza. Mwaka uliofuata walikuja Mapadri Weupe. Kwa wamisionari wa Ulaya mwambao huu ulikuwa kaburi, na hilo ndilo lililomfanya mkuu wa Mapadri Weupe, Kadinali Charles Lavigerie, atafute njia nyingine.

Wazo lake lilikuwa jipya kwa wakati ule. Mwaka 1881 alifungua chuo Malta cha kuwasomesha vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, wawe madaktari. Warudi Afrika, waoe Afrika, walale na kula kama majirani zao, na watunzwe na kazi yao wenyewe badala ya kutegemea mkate wa Ulaya. Padri Mzungu angekufa kwa homa au kuhamishwa. Daktari huyu angezeeka kijijini. Ukiondoa dini, ambayo kwa Lavigerie haikuweza kuondolewa, wazo hilo ni lilelile litakalozungumzwa na mawaziri wa afya wa dunia nzima kwenye mkutano wa afya ya msingi pale Alma-Ata mwaka 1978.

Atiman alifanya alivyokusudiwa, na zaidi. Alioa binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende, na mwana wao Joseph akawa padri. Karema ilikuwa imejaa watu waliokombolewa kutoka misafara, kwa hiyo wagonjwa wake wa kwanza wengi walikuwa na makovu ya historia moja na yake. Alitibu vidonda, homa, waliong'atwa na nyoka, waliojeruhiwa na wanyama. Alifundishwa dawa za chupa, lakini chupa zilikuja kwa kuchelewa kutoka ng'ambo, naye akajifunza pia dawa za miti ya pale. Sioni hilo kama kurudi nyuma. Mtu anayejua kwamba kwinini itakwisha kabla ya meli kurudi, kisha akakaa na wazee wa Kibende kujifunza wanachokijua, huyo ameuelewa mwambao.

Waliokuwa na nafasi kama yake walikuwa wachache mno. Chuo cha Malta kilifungwa mwaka 1896, kikiwa kimetoa madaktari wa kuhesabika kwa vidole. Kuwasomesha kulichukua miaka mingi, gharama zilikuwa kubwa, na ndani ya shirika lenyewe si wote waliopenda kuona Waafrika weusi wakipewa elimu ya kiwango hicho. Kwa hiyo Karema ilipata daktari kwa miaka 67, na vijiji mamia vya ziwa hilohilo havikupata.

Serikali ilipoingia katika tiba ya mwambao iliingia kwa mabavu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea kutoka upande wa Kongo ukashika fukwe za ziwa, ukibebwa na mbung'o anayekaa kwenye vichaka vya kando ya maji. Robert Koch alikuwa amejaribu dawa ya atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake, kwenye visiwa vya Sese, Uganda, kati ya 1906 na 1907. Wajerumani wakaileta Tanganyika. Walijenga kambi za malale kando ya ziwa, chini ya daktari wa jeshi aliyeitwa Feldmann, wakawapima watu shingo kutafuta tezi zilizovimba, wakawadunga sindano, na wakawalazimisha wanakijiji kufyeka vichaka vya ufukweni. Dawa ilipunguza vijidudu kwa muda. Ilipozidi kipimo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Kusini mwa ziwa, upande wa Zambia ya leo, watawala wa Kiingereza hawakungoja dawa. Walihamisha vijiji vizima kutoka ufukweni.

Tuwe wa haki: kufyeka vichaka kulikuwa na maana kitaalamu. Mbung'o anahitaji kivuli, ukimwondolea kivuli anaondoka. Ila jifikirie wewe ni mvuvi. Mtu anakuja na askari, anakushika shingo, anakuambia wewe ni mgonjwa ilhali hujisikii kuumwa, anakuweka kambini mbali na mitumbwi yako, na jirani yako aliyetangulia sasa anaongozwa kwa fimbo kwa sababu haoni. Wengi walikimbia, wengine wakawaficha ndugu zao. Katika nchi ya Kiziba, huko Bukoba, ilibidi Wajerumani waajiri vijana wenyeji wa kupapasa tezi, na utafiti wa wanahistoria unaonyesha kwamba kampeni ilitegemea sana vijana hao, waliokuwa watu wanaojulikana na walioweza kuongea na wazee. Funzo hilo lililipiwa gharama kubwa. Halikukaa kichwani mwa watawala kwa muda mrefu, maana miaka ya 1930 Waingereza nao waliwahamisha watu wa Buha kwenye makazi ya pamoja kwa sababu hiyohiyo ya malale.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, mwaka uleule vita vilipoanza. Baada ya vita Waingereza walirithi nchi yenye madaktari wachache na watu wengi waliotawanyika. Mwaka 1926 mkuu wa idara ya tiba ya Tanganyika, John Shircore, alianzisha mpango wa madresa. Kijana anayejua kusoma alichaguliwa na watawala wa jadi, akapelekwa hospitali ya serikali kwa mafunzo mafupi, kisha akarudishwa kwao akiwa na bandeji, dawa za vidonda, kwinini na chumvi ya kuharisha. Mshahara wake ulitoka hazina ya mtawala wa jadi, yaani kwenye kodi ya wanakijiji wenyewe.

Dresa ndiye mtumishi wa kwanza wa serikali ambaye mtu wa kijijini alimkimbilia badala ya kumkimbia, na sababu kubwa ilikuwa buba. Buba hula ngozi na mifupa, huwalemaza watoto, na ulikuwa umejaa kila mahali. Katika miaka ya 1920 ikaja sindano ya bismuthi. Mgonjwa aliyekuja amejaa vidonda alidungwa, na baada ya wiki chache ngozi ilikuwa inafunga mbele ya macho ya kila mtu. Hakuhitajika afisa wa kuhubiri. Watu walitembea siku kadhaa kuifuata sindano, na imani ya sindano tunayoiona hadi leo, ya mgonjwa anayehisi hajatibiwa kama amepewa vidonge peke yake, kwa sehemu ilizaliwa hapo.

Lakini tazama chanzo cha mshahara. Kigoma ilifanywa kuwa ghala la nguvu kazi. Wanaume wa Kiha walikwenda kwa maelfu kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, huku wake na wazee wakibaki na mashamba na magonjwa. Hazina ya jadi ya sehemu iliyochukuliwa watu wake haikuweza kuwa nene. Palipokuwa na kahawa au pamba, dresa alipata paa la bati na dawa. Pasipokuwa na zao la biashara, alipata kibanda. Umaskini wa mahali uligeuka kuwa umaskini wa tiba, na mpango uliosifiwa kwamba ni wa wananchi ukawaacha wananchi maskini zaidi wajilipie.

Julai 1960, miezi 17 kabla ya Uhuru, wanawake wawili wa Kiingereza walishuka Kasakela, katika hifadhi ya Gombe. Jane Goodall alikuja kuwachunguza sokwe. Mama yake, Vanne, alikuja kwa sababu serikali haikukubali msichana akae porini peke yake. Binti alipokuwa akipanda milimani, mama alikaa ufukweni na sanduku la dawa za kawaida lililotayarishwa na kaka yake aliyekuwa daktari. Alijengewa kibanda cha nguzo nne na paa la nyasi. Wavuvi wakaanza kuja. Mmoja wao alikuwa na vidonda vibaya vya mguu vya muda mrefu, na Vanne, akiwa hana ujuzi wa hospitali, alimwosha vidonda kwa maji ya chumvi, matone kwa matone, asubuhi na alasiri, siku baada ya siku. Uvimbe ukashuka, vidonda vikasafika. Habari ikaenda kwa mitumbwi, na wagonjwa wakaja kutoka mbali. Alikaa miezi michache, akarudi kwao. Maji ya chumvi hayana gharama. Wavuvi wale walikosa mtu wa kukaa nao saa nzima kila siku.

Serikali ya Uhuru ililijua hilo kwa undani, kwa kuwa viongozi wake wengi walikuwa watoto wa vijiji vya namna hiyo. Mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na vituo vya afya 22. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa tangu 1972, fedha zilielekezwa vijijini kwa makusudi, na kufikia 1980 vituo vilikuwa vimevuka 200, na zahanati zilihesabiwa kwa maelfu. Uamuzi huo wa kuacha kujenga hospitali kubwa mjini ili kijiji kipate zahanati ulihitaji ujasiri wa kisiasa, na naona haujasifiwa vya kutosha.

Halafu ikaja Mtu ni Afya. Mwaka 1973, kwa wiki 12, Radio Tanzania ilirusha vipindi vya afya, na nchi nzima watu wapatao milioni 2 wakakaa kwenye vikundi kusikiliza. Kiongozi wa kikundi alikuwa na kijitabu. Redio ilizungumza, kisha ikazimwa, na kazi ikaanza: hapa kwetu mbu wanazaliwa wapi? Choo kipo? Maji tunachota juu au chini ya pale tunapofulia? Kikundi hakikuruhusiwa kuachana bila kukubaliana jambo la kufanya. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Kwa kijiji cha mwambao, ambako mlima ni mwamba na ufuko ni mchanga unaobomoka, kuchimba choo ni kazi ngumu kuliko bara, na anayechimba karibu na maji anajua kwamba mvua za masika zinaweza kukipeleka ziwani.

Wakati huohuo watu walikuwa wanahamishwa. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza ya operesheni za vijiji, tangu 1972. Watongwe wa milima ya Mahale, waliozoea kuishi familia chache chache zilizotawanyika msituni, walishushwa wakakusanywa kwenye vijiji vya ufukweni. Hoja ya serikali ilieleweka: huwezi kupeleka zahanati, shule na bomba kwa nyumba tatu zilizo juu ya mlima. Ni kweli zahanati ilisogea. Lakini msongamano nao ulisogea, kila mtu akachota na kuoga na kufulia ziwa lilelile, na kipindupindu, kilichorudi nchini katika miaka hiyohiyo ya 1970, kikakuta mazingira yanakisubiri. Nyumba zilihamishwa haraka kuliko visima vilivyochimbwa.

Zahanati nayo haikutosha, na Wizara ilijua. Ndipo wakaja wahudumu wa afya wa vijiji, mpango uliopewa nguvu baada ya Alma-Ata. Kijiji kichague watu wake, wafundishwe kutibu homa, kuchanganya maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha, kufunga jeraha, kutambua mjamzito wa hatari. Kijiji kiwalipe. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoua mpango. Baada ya vita vya Kagera uchumi ulianguka. Sabuni, mafuta ya taa na chumvi vilikuwa adimu, na serikali ya kijiji haikuwa na mfuko wa maana. Mhudumu alifanya kazi mwaka mmoja, labda miwili, kisha akarudi kwenye nyavu zake. Alikuwa na watoto wa kulisha. Kumlaumu kwamba alikosa moyo ni kukosa haki.

Toka 1984 zahanati zilipokea maboksi ya dawa muhimu, yaliyofungwa tayari kwa msaada wa Denmark na UNICEF: klorokwini, aspirini, penisilini, vidonge vya minyoo. Boksi likifika mwanzoni mwa mwezi, zahanati ilijaa, na likiisha, foleni iliisha nalo. Mwaka 1993 serikali ikaanza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama hospitalini. Mwaka huohuo wakimbizi walianza kumiminika kutoka Burundi, na miaka mitatu baadaye kutoka Kongo, na Mkoa wa Kigoma, ambao haukuwa na dawa za kujitosheleza, ukawa mwenyeji wa mamia ya maelfu.

Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE kwenye vijiji vinavyoizunguka Gombe. Ulikusudiwa kupanda miti, kwa kuwa milima nje ya hifadhi ilikuwa imebaki vipara. Timu ya Watanzania, ikiongozwa na Emmanuel Mtiti, ilikwenda kijiji kwa kijiji kuwauliza watu shida zao. Watu walitaja afya, maji na shule. Sokwe hawakuwa juu ya orodha. Mradi, kwa heshima yake, ulisikiliza. Ulianza kufanya kazi ya zahanati na maji pamoja na miti, na wanakijiji wenyewe wakafundishwa kupeleka elimu na dawa za uzazi wa mpango nyumba kwa nyumba, mwanamke kwa mwanamke. Huko kusini, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010, mradi wa Tuungane, wa The Nature Conservancy na Pathfinder International, ulifanya jambo linalofanana katika vijiji vya Mahale: Buhingu, Katumbi, Kalya na vinginevyo. Walinzi wa samaki na wahudumu wa afya wakakaa mkutano mmoja, na kaya za mfano zikaonyesha choo, jiko, chandarua na shamba mahali pamoja. Kuhusu chandarua, hata hivyo, mwambao mzima unajua kwamba vingi viliishia majini kuvua dagaa. Mtu mwenye njaa leo na malaria ya kesho ana hesabu yake, na mhudumu anayeishi jirani naye ndiye pekee anayeweza kujadiliana naye bila kumtukana.

Mei 2015 yote haya yalipimwa Kagunga. Ni kijiji cha mpakani na Burundi, mlima mkali nyuma na ziwa mbele. Machafuko ya Bujumbura yalipoanza, makumi ya maelfu ya watu walivuka wakajaa kwenye ufuko huo mwembamba. Hakukuwa na vyoo vya kutosha wala maji isipokuwa ya ziwa. Kipindupindu kikalipuka. Ndani ya wiki chache wagonjwa walifika kama 3,000, na watu wapatao 30 wakafa. Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, ilifunga safari baada ya safari ikiwabeba watu takriban 600 kwa mara moja hadi Kigoma, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kituo cha mapokezi kabla ya safari ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Vifo vingeweza kuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kipindupindu hakihitaji dawa ya ajabu. Kinahitaji maji yenye chumvi na sukari yaingie mwilini haraka kuliko yanavyotoka, kikombe kwa kikombe, na mtu wa kushika kikombe. Mgonjwa asiyetibiwa anaweza kufa kwa saa chache. Anayenyweshwa mapema, na kutundikiwa dripu akizidiwa, kwa kawaida hupona. Mashirika yalileta mahema, klorini na wataalamu. Waliokaa usiku kucha na vikombe walihitajika kuwa wengi, wakijua Kirundi, Kiha na Kiswahili, na watu wa namna hiyo hawaletwi kwa ndege.

Uzazi nao una hesabu yake ya saa. Mwanamke wa Kalya ambaye mtoto amekaa vibaya alikuwa akipakiwa kwenye boti kwenda Kigoma, zaidi ya kilomita 100 za maji, akiwa na uchungu, nahodha akisoma mawimbi. Wengine walifia njiani. Kuanzia 2006 Wizara, kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies na baadaye kwa kazi ya taasisi ya Thamini Uhai, ilianza kuweka vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya vya vijijini, Kigoma ikiwa mmoja wa mikoa hiyo, na kuwafundisha madaktari wasaidizi na wauguzi kufanya upasuaji wa kujifungua na kutoa dawa ya usingizi. Madaktari bingwa wengi walitilia shaka. Tafiti za Tanzania na Msumbiji zimeonyesha kwamba watumishi hao hufanya kazi hiyo kwa usalama unaokaribiana na wa madaktari, na zaidi ya hapo hukaa vijijini, wakati daktari mara nyingi huhama. Lakini chumba cha upasuaji kinamsaidia anayefika tu. Kazi ya kumtambua mjamzito mapema na kumshawishi mume asichelewe inabaki kwa mtu wa kitongojini.

Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, mwenyewe mzaliwa wa Kigoma, alizindua mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii: zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, wenye mafunzo ya miezi sita na posho. Posho ndilo neno ambalo mpango wa miaka ya 1980 uliliachia kijiji, na mpango wa madresa uliliachia hazina ya mtawala wa jadi. Safari hii limeandikwa kwenye mpango wa taifa, ingawa wakati wa uzinduzi sehemu ya fedha za kuliendesha ilikuwa bado inatafutwa kwa wafadhili.

Kwa mwambao lipo jambo jingine ambalo takwimu za kitongoji hazilioni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukififia, wavuvi kutoka Kigoma, Burundi na Kongo hujaa kwenye mialo na kambi za Mahale na Kalya, na mwezi ukiwa mpevu hutawanyika. Kambi yenye watu mia kadhaa wiki hii inaweza kuwa na makumi tu wiki mbili zijazo, na waliokuwapo wameondoka na malaria yao, na kifua kikuu chao, na kadi zao za dawa. Wahudumu wawili wamepangiwa kitongoji, si kambi, na sensa huhesabu watu pale walipolala usiku mmoja.